Sikio la Feridun

Kwenye picha ya kundi tumesimama wanane,
makoti meupe, ngazi za jengo la uhandisi, Kütahya,
theluji imeyeyuka nusu, nusu imekuwa tope.
Profesa Tuğrul katikati, tai imempinda.
Nurhayat, anayepima kila kitu mara tatu,
na mara ya nne kwa siri, akidhani hatumwoni.
Oktay wa kompyuta, aliyeoa mwezi uleule
na bado akawa analala kitini kando ya tanuri.
Mimi pembeni, nimefumba macho.
Feridun hayumo.
Feridun ndiye aliyeshika kamera.

Fundi wa matanuri, mshahara wa daraja la chini.
Mama yake alichora tulipu kwenye vigae miaka arobaini
kwa brashi ya nywele za punda.
Baba yake alichimba makaa
hadi mapafu yakawa mgodi mwingine.
"Nimezaliwa baina ya udongo na moto," alituambia,
"ningekimbilia wapi?"

Tulichokitaka ni kisahani cheupe, chembamba kuliko ukucha,
kipitishe oksijeni na kukataa vyote vingine,
kama bawabu aliyepewa orodha ya jina moja.
Huku hidrojeni, kule hewa,
katikati umeme uzaliwe pasipo moshi,
mjini hapa ambapo Januari unafuta dirisha
na kitambaa kinarudi cheusi.
Kwenye karatasi, mistari miwili.
Kwenye tanuri, miaka sita.

Udongo uwahi ungali maji, wasema wenye kusema.
Wetu ulifika ukiwa unga mkavu ndani ya chupa,
umepimwa kwa gramu, bei ya zafarani.
Tuliuwahi wapi?

Kisahani cha arobaini na moja, hadubini ilisema kizima.
Nurhayat akapima, mara tatu na ile ya siri.
Feridun akakiweka kwenye ncha ya kidole,
akakigonga kwa ukucha.
*Ti.*
"Kimepasuka."
Oktay alicheka.
Nami nilicheka, acha niliandike hilo.
Saa tisa usiku, nyuzi mia saba na kumi,
mstari kwenye skrini ukaanguka
kama mtu aliyekosa ngazi gizani.
Hakusema *niliwaambia*.
Alichemsha chai, akaleta glasi kwenye sinia,
tukanywa tukitazama ukuta.

Tangu siku hiyo hakuna kisahani kilichoingia motoni
bila kupita sikioni mwake.
Nurhayat akaongeza safu kwenye jedwali, akaipa herufi F.
Makala ilipopelekwa, mhakiki akauliza:
F ni chombo gani? Kampuni ipi imekitengeneza?
Tuğrul alikaa na swali hilo jioni nzima.
Akaandika: *Chombo cha hapahapa,
kimeundwa na mchora tulipu na mchimba makaa.*
Akafuta.
Akaandika: *Ukaguzi wa awali.*
Majina manane juu ya makala, kama kwenye picha.

Sasa amestaafu, yuko kijijini na mizinga yake ya nyuki.
Jana nilimpigia simu,
kisahani cha themanini na nane kidoleni,
simu mezani, sauti imefunguliwa.
Nikagonga.
Mbwa wakabweka upande wake, akawanyamazisha.
"Umekikaba. Kishike kama kitu cha watu."
Nikalegeza mkono. Nikagonga.
*Tiii*,
sauti ikaenda mbali, ikachelewa kurudi.

Akanyamaza kwa muda nilioweza kuhesabu pumzi zake.
Akaniuliza mke wa Oktay amejifungua nini.
Msichana, nikasema.
Akauliza lile dirisha la karibu na tanuri dogo,
bado linapitisha upepo?
Linapitisha.
"Basi usikipozee upande huo," akasema,
na hapo ndipo nilipojua.