Gumegume

Kijana wa makumbusho amekuja na futi ya kupimia,
ameilaza bunduki juu ya mkeka wa Bi Mchanga, ukumbini, Chwale,
anaandika: kitako, mvule, kimeliwa na mchwa.
Kasiba, nzima, ina kutu.
Jiwe, halipo.
Kisha akainua kalamu: "Mdeki uko wapi, bibi?"

Bi Mchanga akacheka hata ushungi ukamvuka.

Mwanangu, wewe hujapata kuijaza hii.
Unamimina baruti mtutuni, kipimo cha pembe,
unatia kitambaa, unatia risasi,
unachomeka mdeki, unashindilia, unashindilia,
unauchomoa (hapo ndipo),
unatia baruti nyingine kwenye kifa, chembe tu,
kama mtu atiaye chumvi mchuzi wa wenyewe,
unavuta mtambo, unasema bismillahi,
na kama mvua haikunyesha, jiwe litapiga chuma
na cheche itashuka.
Wakati huo adui keshavuka bonde.

Na Pemba hii, lini haikunyesha?

Babu yetu Shaame aliandikwa ngomeni, Chake,
riale moja kwa mwezi na pishi mbili za mpunga,
chini ya jemadari wa Kibulushi aliyemwita "Shama"
na kumfundisha kwa fimbo.
Siku ya vita (vita gani, usiniulize,
wakubwa waligombana, wadogo wakajaza)
mikono ilimtetemeka. Akashindilia.
Akasahau kuuchomoa.

Akapiga.

Mdeki ukaruka ukilia mluzi juu ya vichwa vya pande zote mbili,
watu wakainua nyuso kuutazama,
ukaenda kujichoma katika mnazi wa mtu.

Bunduki bila mdeki ni kinu bila mchi.
Alirudi kwa miguu, usiku, risasi kumi na moja mkobani
hazijamjua mtu.
Mji mzima wakamwita Gumegume,
jina la bunduki yake, na la mume asiyefaa kitu.
Bibi akaolewa naye hivyo hivyo.

Jiwe? Jiwe lilikaa jikoni.
Bibi aliwashia moto miaka na miaka
hata likawa kama jino la mtoto, likapotelea majivuni.

Kijana ameandika: haijakamilika.
Bi Mchanga hajui kusoma, akataka asomewe.
"Futa," akasema. "Andika: ilipigwa mara moja, ikakosa.
Kisha tazama uani, uandike na hao."

Kijana akageuka mlangoni,
akaanza kuhesabu, akapotea, akaanza tena.