Mama Anatoka Chumbani

Saa kumi alfajiri, Bethesda, kaskazini mwa Wales.
Mji wetu uliazima jina la birika la wagonjwa kwenye Injili,
ila maji ya hapa hayangoji malaika ayatibue,
yanashuka tu, usiku kucha, juu ya mapaa ya mawe meusi
ambayo babu zetu waliyachonga mpaka mapafu yakajaa vumbi.

Nimekaa jikoni. Meza inanata jamu ya jana.
Kompyuta nimeipandisha juu ya kopo la biskuti.
Sura ya sita: mshikamano wa mtoto na mlezi.
Nasoma sentensi moja mara nne.
Ni kutwanga maji, najua, lakini kinu hiki nimekilipia.

Jaribio lenyewe ni jepesi kusimulia.
Chumba, vitu vya kuchezea, mama na mtoto.
Anaingia mgeni. Mama anatoka.
Watafiti, nyuma ya kioo, wanahesabu sekunde za kilio.
Mama anarudi. Sasa tazama: mtoto anamkimbilia,
au anampa mgongo,
au anamkimbilia huku anampiga?
Kila jibu lina herufi yake.

Hawakuandika popote mama alikwenda wapi.
Nimetafuta hata kwenye tanbihi.
Alisimama ukumbini akiuma kucha?
Alikuwa na kazi ya maneno elfu mbili
ya kuwasilisha kabla ya saa sita mchana?

Mimi ninayo.
Na Deio ameamka.

Miezi kumi na sita, jino linatoka, shavu limewiva.
Baba yake, Iorwerth, yuko baharini
anakaza skrubu za mitambo ya upepo,
wiki mbili huko, wiki mbili hapa.
Akirudi, siku nzima ya kwanza
Deio huficha uso shingoni mwangu,
nami, Mungu anisamehe, huitafuta herufi yake.

Nampakata, naandika kwa mkono mmoja.
Anabonyeza kitu, aya nzima inatoweka,
ukurasani kabaki yeye tu: kkkkkkkkk.
Nimesoma kwamba mtoto wa umri huu keshajua
kilichofichwa bado kipo.
Aya yangu iko wapi, mwanangu?
Anachungulia chini ya meza.

Bi. Prydderch, msahihishaji wangu,
ambaye skrini haijawahi kunionyesha zaidi ya kidevu chake,
aliandika pembeni mwa kazi iliyopita:
"Epuka kujitaja. Mtafiti haonekani."
Nimefuta mimi kumi na saba.
Moja imekataa kufutika, nimeiacha.

Saa moja, Mabli anashuka ngazi, buti mguu mmoja.
Ana miaka minne. Naye nina jaribio lake:
glasi mbili za sharubati, moja fupi nene, moja ndefu nyembamba,
kiasi kile kile, nimemimina akiona.
Kitabu kinasema ataonyesha ile ndefu.
"Ipi ina nyingi zaidi?"
Anazitazama. Anaitazama kalamu yangu.
"Wewe unataka niseme ipi?"

Hilo kitabuni halimo.

Jumapili mama mkwe aliuliza, saikolojia ya nini,
na watoto wawili unao tayari?
Nilinuna mpaka Jumatano.
Leo ni Alhamisi, sina uhakika sana.

Saa sita kasoro dakika nne
nimejifungia chooni, ndicho chumba pekee chenye komeo,
kompyuta magotini, nabonyeza tuma.
Kumbe mama alikuja huku.

Nje ya mlango Deio analia kwa kifua kizima,
na Mabli anamwambia, kwa Kiwelshi, kwa sauti yangu:
"Nyamaza. Mama yupo. Kafichwa tu."

Kiduara kinazunguka kwenye kioo.
Nahesabu sekunde.

Imepokelewa.
Nafungua. Deio ananikimbilia huku ananipiga.
Mezani, glasi zote mbili ni tupu.