Sifuri

Mungu wangu, unaijua skrubu ile.
Ndogo, nyuma ya uso wa mizani, imeshika kutu.
Ukiizungusha nusu kwa sarafu ya shilingi mia
mshale unalala kilo mbili chini ya sifuri,
na hakuna anayeinama kuutazama,
maana ndoo ni nzito, jua ni kali,
na karani ana kalamu sikioni, shati lina kola.

Misimu mitatu, hapa Sikonge,
asali ya watu ilipita mkononi mwangu:
asali nyeusi, asali ya manjano,
asali yenye vipande vya masega na mabawa.
Palipo ishirini nikaandika kumi na nane.
Kilo mbili za mzee Lushona, aliyepoteza jicho kwa moshi.
Kilo mbili za Nyamizi Kapela, mjane,
aliyelala siku nne kambini porini kwa ugali na chumvi,
na bado akaniambia, "Asante, mwanangu."

Mabati niliyoezekea yalitoka humo.
Mvua ikinyesha, Bwana, yalikuwa yakihesabu.

Msimu wa kwanza nilisema: ni mkopo, nitarudisha.
Wa pili sikusema kitu.
Kisha Jumapili zikaanza kuniuma,
kichwa, mgongo, kiatu.
Kengele ya Wamoraviani ikilia
nilikwenda kuchota maji nisiyoyahitaji,
nikarudi kwa njia ya nyuma, katikati ya mahindi,
nisikutane na wimbo.

Nilikuogopa. Nilidhani nawe una daftari,
nawe una kalamu sikioni,
na mshale wako umelazwa chini kabla sijapanda.

Julai nikauza baiskeli
na mabati sita ya upande wa jikoni.
Nikaenda kwa Nyamizi asubuhi, noti ndani ya soksi,
na maneno niliyoyapanga usiku kucha
yakaniponyoka yote penye kisima.

Alikuwa akikamua nta.
"Wangaluka," alisema, bila kusimama.
Nikasema: Mama, ile mizani.
Akasema: Najua.
"Ndoo yangu naijua kwa bega.
Miaka thelathini bega hili linapima."
Nikamuuliza mbona aliendelea kuja,
na Tabora mjini wanunuzi wapo, na malori yapo.
Akabandua nta iliyomganda kidoleni.
"Ningepeleka kwingine,
ungenipata wapi siku ukichoka?"

Noti hakuzihesabu. Alizisukuma chini ya chungu.
Akaniambia nishike ncha ya pili ya kitambaa,
tukakamua, yeye akipinda kulia, mimi kushoto,
hadi jua likapinda nalo,
nikanuka moshi na utamu njia nzima
mpaka kwenye nyumba yangu yenye tundu.

Si wote. Lushona alinitukana mbele ya wajukuu,
akanirushia hela hadi kwenye majivu.
Ana haki. Niliziokota, nikazipangusa,
nitarudi nazo mwezi ujao, na unaofuata.

Jana nikaenda chamani.
Nikamwonyesha mwenyekiti skrubu,
nikaizungusha kwa sarafu ileile.
Mshale ukashtuka, ukapita juu, ukarudi chini,
kama mtu anayepapasa mlango gizani,
ukasimama.
Funguo za ghala nikaziacha mezani.
Hakuna aliyeniaga.

Leo kengele imelia na ndoo zangu zimejaa tangu jana.
Niko benchi la mwisho, karibu na mlango,
shati hili halina kola.
Wimbo nimeusahau kuanzia ubeti wa pili;
binti wa jirani ananisogezea kitabu, haniangalii,
kidole chake kinanionyesha mstari walipofika.

Sikuja na kitu cha kuning'iniza.
Nimejileta.
Bado natetemeka, unaona.
Wewe uliyengoja misimu mitatu,
ngoja ubeti mmoja.