Deni la Mikate Saba

Usiniulize polisi walikuwa wapi.
Niulize mimi, Reina Orellana,
muuza mikate ya maharage hapa Chamelecón,
mkabala na kiwanda cha fulana.

Nahun alikuwa na miaka kumi na moja.
Mama yake akishona zamu ya usiku,
kaka yake kaenda kaskazini, simu ikanyamaza.
Mtoto alikula kwangu kwa daftari.

Deni lilipofika mikate saba
nikamsomea mbele ya foleni nzima,
foleni ikacheka.
Nami nilicheka.

Ambaye hakucheka ni kijana mmoja wa pikipiki.
Alimnunulia soda, akamuuliza jina,
na kesho yake akamwita kwa jina hilo.
Kazi yenyewe ndogo: keti pembeni, hesabu magari.

Ijumaa Nahun akaja na noti mpya, haijakunjwa.
Niliinua juani nikaikagua.
Noti nilikagua. Mtoto sikumkagua.
Nikampa chenji.

Wa semina walikuja baadaye, na kofia, na bango:
SEMA HAPANA.
Aseme hapana kwa nani?
Ni wale tu waliokuwa wamemwambia njoo.

Sasa mdogo wake, Yadira, hupita akitazama kikaango.
Daftari nililiwashia jiko.
Nawa mikono, nikamwambia, donge hili lako.

Mkate wake wa kwanza ulitoka pembe tano,
umeungua upande.
Mteja akaanza kucheka.
Nilimkazia macho
mpaka akaumaliza.