Kunde Ishirini na Saba

Jumanne Kibokoni, twachagua mgawaji,
ufunguo wa darini, wa tangi letu la maji;
kopo la chai mezani ndilo sanduku la mji,
kalamu i sikioni, nawaona wapigaji.

Ishirini na saba tu, kura zilotupwa mle,
kila moja ina watu watatu kwa namba zile;
hata aso wako mtu, naye umwandike pale;
nikatenga fungu tatu, kwa kunde, usiku ule.

Badi, muuza mitungi, kumi na moja kapata;
Nyamvula, fundi wa rangi, yeye tisa akafwata;
Shee, aso mambo mengi, saba, wala hakuteta.
Wa Badi, kelele nyingi: “Leta ufunguo, leta!”

Kasimama Mwanaate, akaomba karatasi:
“Wa kumi na sita, wote, Badi mwisho, bila wasi!
Mwenye saba tumfute, kwa adabu, si kwa tusi,
kwa wa pili zikapite kura zake, ndio basi.”

Kunde saba zikahama: Nyamvula kumi na sita.
Badi akafoka: “Jama! Nimeshinda, mwanivuta!”
Kopo likapigwa ngoma, kunde nikazikumbata,
nami kimya nikasoma nafasi zilizofwata.

Wa Badi kumi na moja, Shee pili wamepanga;
wa Nyamvula, kila mja, Shee pili kamuunga.
Nikasema, “Hebu ngoja, kuna jina twalichenga.”
Wawili kwa zamu waja, kunde mbele zikagonga.

Shee na Badi, wawili: kumi na sita kwa Shee.
Kwa Nyamvula, mara pili: kumi na nane kwa Shee.
Tulomfuta awali, kwa adabu, apotee,
kumbe ndiye wa kibali, wa vijana na wazee!

Kura zile zile, kopo lile, na kunde ni zile;
washindi watatu wapo, kwa njia hino na ile.
Hayupo mwizi, hayupo, wala chembe iso mle;
lilotukosesha hapo: swali kutowekwa mbele.

“Tuteue sasa njia,” kasema Shee kwa tabu.
Lakini kila raia keshaijua hesabu:
ya kwake ataridhia, ya mwenzake ni aibu.
Saa sita ikangia, hatujapata jawabu.

Juu, maji ya Mzima yakaingia tangini.
Watu wakashuka, nyuma wakaniwacha darini.
Kunde, kwa nazi na nyama, nimezipika jikoni,
na ufunguo, salama, umo mwangu mfukoni.

Kapiga hodi mapema Badi, na ndoo begani.