Orodha ya Keko

Umeme ulikatika saa nne na robo,
randa ikafia katikati ya mninga,
na redio ya betri, ambayo siku zote humezwa na misumeno,
ikasikika ikisema:
tutumieni nyimbo kumi zisizozeeka.

Nikapewa penseli ya seremala kwa sababu ya mwandiko.
Karatasi hakuna. Palikuwa na ubao wa mkongo
uliopigwa msasa upande mmoja.
Nikaandika juu yake: MOJA. Nikasubiri.

Nilisubiri sana.

Mwinshehe alitaka ule wa barua iliyorudi na muhuri wa posta.
"Gitaa la pili lile," alisema, "linaingia kama mtu aliyechelewa msibani,
kwa adabu, akitafuta pa kukaa."
Ngonyani akacheka mpaka vumbi la mbao likamtoka nyusini.
Barua! Nani leo anaandika barua?
Yeye anautaka wa zamu ya usiku, wa kiwanda cha nguo.
Baba yake hakuucheza kamwe, alifanya kazi nao,
miaka kumi na moja, mashine namba sita,
na kiwanda kilipofungwa, wimbo haukufungwa.

Wimbo mzuri ni unaochezeka.
Ni unaokumbukika, bwana, kucheza hata kuku anacheza.
Ni ule ambao mkeo akiusikia ananyamaza.
Tukamtazama aliyesema hivyo.
Akajifanya anatafuta futi.

Kufika saa sita tulikuwa na nyimbo tatu na maadui wanne.
Namba mbili nimeifuta kwa msasa mara tano,
ubao umeanza kubonyea pale
kama kizingiti cha nyumba ya kulala wageni.

Chausiku alikuja na sahani za wali maharage,
akasoma huku ameziegemeza kiunoni.
"Zote za wanaume wanaolalamika.
Mwanamke humu ama katoroka ama kafa.
Hamna hata mmoja aliye jikoni, ana hasira, na yuko hai?"
Akaamuru uandikwe wimbo wa mama yake, wa kutwangia,
usio na jina, usiowahi kurekodiwa,
ambao beti zake huisha mpunga unapoisha.
Ngonyani akataja sheria: usiorekodiwa hauingii.
Sheria ya nani?
Ya nani, Ngonyani, nawe unadaiwa sahani nane?
Nikaandika: NNE. Wa kutwangia.

Ndipo Nzowa, mwanagenzi wetu,
ambaye hajawahi kuulizwa neno zaidi ya gundi iko wapi,
akasema akitazama miguu yake:
mbona hamjautaja wa baiskeli ya aiskrimu?

Tulimzomea, tena kwa raha.
Akangoja tumalize.
Akasema hakuna asiyeujua, toka Mbagala hadi Bunju,
na hauna maneno ya kusahaulika.
Akasema kule Tandika, alipokuwa mdogo,
ulipita kila siku saa tisa alasiri
na hakuna hata siku moja alikuwa na hela.
"Naujua kuliko waliokuwa wananunua."

Mwinshehe akakohoa.
Habari ya sheria haikurudi tena.
Nikaandika: TANO.

Saa kumi kasoro umeme ukarejea kwa kishindo,
misumeno ikalia yote kwa pamoja,
redio ikamezwa, mabishano yakamezwa,
kila mmoja akarudi kwenye deni la mteja wake.

Kesho yake nikautafuta ule ubao.
Ngonyani alikuwa ameshaukata:
MOJA hadi NNE ni rafu ya kabati la milango mitatu,
maandishi yakitazama chini,
limepakiwa kwenye Kirikuu asubuhi, limekwenda kwa bibi harusi wa Kimara.
Kipande kilichobaki kimeinua mguu mfupi
wa meza ya Chausiku. Ukiinama kuokota kijiko
utaisoma TANO, na chini yake SITA, basi.

Ya sita nilijiachia mwenyewe.
Karani haulizwi.
Mpaka leo naila ile meza maharage yake
na nabishana, peke yangu,
sijaupata.