Mlango Utazame Wapi

Daftari la kikao lina mistari ya buluu
na doa la supu ukurasa wa tisa.
Mimi ndiye niliyeandika, hapa Qutapampa,
kwa kuwa mwandiko wangu unasomeka
na kwa kuwa kalamu haihesabiwi kuwa kinywa.

Miaka mitatu niliandika hivi:
Wanaume ishirini na wanne. Wanawake kumi na saba,
wamekaa chini, ukutani, wakisokota sufu.
Halafu ajenda. Halafu majina ya waliosema.
Fortunato alisema. Fortunato akaongeza.
Celedonio alikubaliana na Fortunato.

Siku hiyo alikuja fundi kutoka Oruro,
ramani kwapani, midomo imepasuka kwa baridi.
Akauliza: nyumba moja hutumia maji kiasi gani kwa siku?
Fortunato, bila kupepesa macho:
"Ndoo nne."
Kule ukutani pia zikasimama.

Kimya kile sikujua nikiandikeje.

Saturnina Choque alinyanyuka, magoti yakalia.
Hakutoa hotuba. Alitoa punje za mahindi mfukoni,
akazipanga moja moja juu ya ramani.
"Hii ya uji. Hii ya kulowekea viazi vikavu.
Hii ya mama mkwe, hajiwezi.
Hizi mbili za kondoo wanaonyonyesha.
Hii ya nepi. Hii ya vyombo,
ambayo baadaye ni ya vitunguu.
Hii ya kufua, na hii, na hii.
Hii ilimwagika, njia ina barafu."
Kumi na moja. Akaweka nyingine, kando.
"Na hii ni ya Fortunato, ya kunawa uso
kabla ya kuja kutuhesabia."

Niliandika: vicheko.

Halafu vyoo vya shule. Mchoro ulikuwa na vinne,
milango yote ikitazama barabara,
kwa kuwa barabarani ndiko wageni hupigia picha.
Hilaria, ambaye jina lake sikuwahi kuliandika,
akauliza kwa sauti nyembamba kama uzi:
mlango utazame wapi?
Akasema msichana akitoka na kitambaa mkononi
hataki kukutana na basi la saa saba.
Akasema gizani tunakwenda wawili wawili,
na si kwa kupenda soga.
Akasema kulabu iwe ndani, na iwe ya chuma.

Fundi akafuta, akachora upya.
Milango ikageukia mlima.

Bomba tulishindwa. Kura kumi na tisa kwa kumi na sita:
liko hadi leo kando ya ukuta wa Celedonio,
na njia bado ina barafu.

Ila spana ya koki kuu alikabidhiwa Saturnina,
na mwezi wa Agosti, mwezi wa madeni,
alipanda kwenye tangi
akafunga maji ya dada yake mwenyewe.
Wakamwita jiwe, nyumba hadi nyumba.
Usiku nilimwona, amejitanda blanketi,
anavuka kiwanja na ndoo mbili;
akaziacha mlangoni kwa dada, hakubisha hodi.

Hilo halimo daftarini.
Daftarini mna: Saturnina Choque alisema.
Mna: Hilaria Condo aliuliza.
Nilimwuliza mara mbili jina huandikwaje,
naye, aliyezaa watoto watano hapa hapa,
akaniambia hajui,
kisha akainama karibu,
akatazama wino ukikauka.